Nywila ya Ofisi ni Dhamana

Kila mtumishi wa umma aliyefanya kazi katika ofisi za Serikali kabla ya kuenea kwa kompyuta anaikumbuka masjala. Kilikuwa chumba chenye kaunta, makabati ya chuma, na karani asiyekuwa na mzaha. Jalada halikutoka mle bila kuandikwa daftarini: limechukuliwa na nani, siku gani, na kwa kazi ipi. Jalada lenye muhuri wa SIRI lilikuwa na kabati lake, ufunguo wake na mtu wake. Barua ya siri ilitiwa ndani ya bahasha mbili, ikafungwa kwa lakiri, na aliyeipokea alitia sahihi. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa ni urasimu mtupu. Lakini ndani ya urasimu huo mlikuwamo fikra moja ya maana: kwamba karatasi ya ofisi si mali ya anayeishika, bali ni mali ya umma iliyowekwa mikononi mwake kwa muda.

Hii leo sehemu kubwa ya karatasi hizo imehama. Orodha ya mishahara, taarifa ya mgonjwa, barua ya nidhamu, rasimu ya mtihani na alama za wanafunzi huandikwa katika kompyuta, hubebwa katika flashi isiyozidi kidole gumba, na hutumwa kwa barua pepe au kwa simu katika muda wa kupepesa macho. Jalada limehama, lakini nidhamu ya masjala haikuhama nalo. Katika ofisi nyingi kabati la chuma bado lipo, tena lina kufuli madhubuti. Lakini lililomo ndani yake ni vikombe vya chai na karatasi za kuchapia, ilhali hati zenye uzito zimelala wazi ndani ya kompyuta iliyo juu ya meza, ambayo kila apitaye anaweza kuiketia.

Jambo linalopasa kuelezwa waziwazi kwa watumishi wa umma na walimu ni hili: nywila, yaani neno la siri linalofungia hati ya kompyuta, si pambo la wataalamu wala si fahari ya mkubwa wa kazi. Ni ufunguo wa ofisi. Kwa sababu hiyo ina masharti mawili yasiyotenganishika. La kwanza, ifunge kwelikweli dhidi ya kila asiyehusika. La pili, ibaki kuwa mali ya ofisi, isigeuzwe kuwa mali ya mtu. Ofisi inayotimiza sharti la kwanza na kulisahau la pili hujifungia nje ya nyumba yake yenyewe. Na ofisi inayoyasahau yote mawili imeiacha nyumba ya wananchi bila mlango.

SIRI NI YA NANI?

Husemwa mara kwa mara na watumishi wa ofisi ndogo na walimu wa shule za vijijini kwamba kwao hakuna siri. Kauli hiyo inatokana na mazoea ya kudhani kwamba siri ni mambo ya majeshi na vikao vya Baraza la Mawaziri tu. Siri za namna hiyo zina sheria yake tangu 1970, yaani Sheria ya Usalama wa Taifa. Lakini siri zilizo nyingi zaidi katika ofisi za umma si za Dola hata kidogo. Ni za wananchi. Ni ugonjwa wa mama aliyekwenda zahanati akitumaini kwamba jirani hatajua. Ni barua ya mwalimu aliyeomba uhamisho na kueleza sababu ambayo hakupenda hata wenzake waisikie. Ni namba ya akaunti ya mstaafu. Ni alama mbaya za mtoto ambaye bado ana nafasi ya kujirekebisha, iwapo hatafanywa kichekesho cha kijiji kabla ya muhula kwisha.

Mwananchi huyo hakuyatoa mambo hayo kwa hiari ya kupiga soga. Aliyatoa kwa sababu ofisi ilimwambia ajaze fomu, naye hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwa hivyo anayeyaacha wazi hakupoteza kitu chake mwenyewe. Amepoteza cha mwenziwe. Fikra hii sasa imewekwa katika sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka ye yote anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde zisipotee, zisiharibiwe wala zisifikiwe na wasioruhusiwa. Taarifa za afya na za watoto zimehesabiwa humo kuwa ni nyeti. Zahanati na shule, ambazo ndizo zilizojidhania hazina siri, zimo katika safu ya mbele kabisa.

Na tuchukue mfano wa mwalimu. Shule nyingi hazina mashine ya kuchapa, na mwalimu anayetunga mtihani wa muhula huipeleka kazi yake steshenari. Kijana wa pale huichomeka flashi, huinakili hati katika kompyuta ya duka ili ipate kuchapwa vizuri, hutoa nakala, hupokea fedha, na mwalimu huondoka na flashi yake akiwa ametosheka. Nakala iliyobaki katika kompyuta ya duka haimsumbui, kwa sababu haionekani. Laiti angekuwa ameacha juu ya kaunta nakala ya karatasi, angerudi mbio kuichukua.

Ubaya wa mtihani kuvuja hauhitaji kuhubiriwa. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba na kwa shule nyingine kadhaa, na watoto wakalazimika kuurudia mtihani mwezi Oktoba. Walioadhibiwa kwanza walikuwa watoto, wakiwamo wale waliokesha wakisoma kwa haki. Haisemwi hapa kwamba nywila ingetosha kuzuia mambo ya namna hiyo, maana hakuna kufuli linaloweza kumzuia mwenye ufunguo aliyeamua kusaliti. Linaloweza kufanywa na kufuli ni kupunguza idadi ya wenye ufunguo, mpaka wawe wachache wanaojulikana kwa majina na wanaoweza kuulizwa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Tatizo ni pale kila apitaye njiani anapokuwa kata.

SOMO LA 2007

Wapo watakaodhani kwamba uzembe wa aina hii ni ugonjwa wa nchi changa. Sivyo. Tarehe 18 Oktoba 2007, katika ofisi ya Idara ya Mapato na Forodha ya Uingereza iliyoko Washington, kaskazini mashariki ya nchi hiyo, diski mbili za kompyuta zilitiwa katika bahasha na kupelekwa London kwa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Diski hizo zilibeba orodha nzima ya waliokuwa wakipokea posho ya watoto: watu milioni 25, wa familia milioni 7.25, pamoja na majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za bima ya taifa na, kwa waliohusika, akaunti zao za benki. Bahasha haikusajiliwa. Haikufika. Nakala nyingine ikatumwa, safari hii kwa rejista, nayo ikafika salama. Ile ya kwanza haikuonekana tena. Tarehe 20 Novemba Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alisimama Bungeni na kulitangazia taifa. Na mkuu wa idara hiyo, Paul Gray, akajiuzulu.

Katika mkasa huo kuna jambo dogo linalowahusu mno wasomaji wa safu hii. Diski zile zilikuwa na nywila. Hazikuachwa wazi kabisa kama wengi wanavyodhani. Lakini yaliyoandikwa ndani hayakuwa yamesimbwa, yaani hayakuwa yamegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Nywila ilikuwa kama kitasa kilichopigiliwa kwenye pazia. Mwenye adabu angekiona na kurudi. Mwenye nia mbaya angefunua pazia na kupita.

Kuna na la pili. Wakaguzi hawakuomba mambo yote hayo. Walitaka orodha iliyopunguzwa, isiyo na habari za benki na nyinginezo nyeti. Wakapelekewa orodha nzima, kwa kuwa kuipunguza kungegharimu fedha. Na la tatu: uchunguzi uliofanywa na kutangazwa 2008 haukumtwisha mzigo huo karani mmoja aliyefunga bahasha. Uliona kwamba kosa lilikuwa la taratibu za idara nzima, ambamo watumishi walikuwa hawana maelekezo ya kutosha wala mafunzo. Mambo haya matatu, yaani kufuli lisilofunga, kutoa zaidi ya kilichotakiwa, na ofisi isiyokuwa na utaratibu, yanaweza kukutwa leo katika ofisi yo yote, ya mjini au ya kata.

KUFULI LINALOFUNGA

Kwa kuwa jina ni moja na vitu ni vingi, hapana budi kuvitenganisha. Katika kompyuta ya kawaida ya ofisini mna nywila za namna tatu, na mtumishi asiyezijua tofauti zake huweza kulala usingizi mzito akiwa ameacha mlango wazi.

Ya kwanza ni nywila ya kuwashia kompyuta. Hiyo ni ya lazima, na kompyuta ya ofisi isiyokuwa nayo ni aibu. Lakini inafunga mlango wa chumba, haifungi hati zilizomo. Isipokuwa pale ambapo diski nzima imesimbwa, mwizi anayeichukua kompyuta anaweza kuichomoa diski, akaiunga na kompyuta nyingine na kusoma kila kitu. Na hati ikishatoka humo kwa flashi au kwa barua pepe, nywila hiyo haifuatani nayo.

Ya pili ni kinga ya kuzuia kubadilisha. Ndiyo ile inayowekwa katika jedwali la Excel ili mtu asifute hesabu, au katika hati ya PDF ili isichapwe wala kunakiliwa. Kinga hiyo ina kazi yake: inamzuia anayekosea. Lakini si ulinzi wa siri. Watengenezaji wa Excel wenyewe wanaeleza kwamba kinga ya jedwali haikukusudiwa kuwa ulinzi wa usalama, na katizo la kuchapa au kunakili PDF huondolewa kwa programu zipatikanazo bure. Mhasibu anayetuma orodha ya mishahara akidhani ameifunga kwa namna hii amebandika tu kibao cha "Usipite".

Ya tatu ndiyo inayofunga: nywila ya kufungulia hati yenyewe. Hapo kompyuta huyachukua maandishi yote na kuyavuruga kwa kanuni ya hesabu, mpaka asiye na nywila asione ila takataka ya alama. Kanuni inayotumika zaidi leo huitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikafanywa kuwa kipimo rasmi nchini Marekani mwaka 2001. Kanuni hiyo si siri. Imechapishwa, na mtu ye yote anaweza kuisoma. Nguvu yake yote imo katika ufunguo. Word na Excel zimekuwa zikiitumia tangu matoleo ya 2007, na hupatikana katika menyu ya faili, mahali pa kulinda hati, penye chaguo la kusimba kwa nywila. Hati za PDF nazo zaweza kufungwa hivyo, mradi iwekwe nywila ya kufungulia na si ya kuzuia kuchapa tu. Ofisi zisizo na fedha za kununua programu zinaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni bure, nayo huuliza wakati wa kuhifadhi hati kama mwenyewe anataka kuifunga kwa nywila.

Tahadhari moja inahitajika. Muundo wa zamani wa hati za Word na Excel, ule uliotumika hadi matoleo ya 2003, kwa kawaida ulifungwa kwa ufunguo mfupi wa biti 40, ambao kompyuta za leo huuvunja bila jasho. Ofisi ambazo zingali zikihifadhi hati katika muundo huo kwa mazoea zinapaswa kuzihamishia katika muundo mpya kabla ya kuzifunga.

UFUNGUO USIOBAHATISHIKA

Kufuli zuri lenye ufunguo mbovu ni kazi bure. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Morris na Ken Thompson, walichapisha uchunguzi wao juu ya nywila 3,289 zilizokuwa zikitumiwa na watu. Waliona kwamba 2,831 kati ya hizo, yaani asilimia 86, zilikuwa fupi mno au zilikuwa maneno yanayopatikana kwa urahisi, kiasi kwamba zingeweza kubahatishwa. Miaka mingi imepita tangu wakati huo, lakini tabia ya binadamu haijapita. Bado mtumishi huchagua jina la mwanawe, namba yake ya hundi, jina la shule, au mwaka wake wa kuzaliwa, kwa sababu hayo hayasahauliki. Anasahau kwamba yasiyosahaulika kwake hayafichiki kwa wenzake.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha hatari yenyewe. Chukua kompyuta inayoweza kujaribu nywila 10,000 kila sekunde, jambo lisilokuwa la ajabu leo. Nywila ya tarakimu nne ina njia 10,000 tu. Itapatikana ndani ya sekunde moja. Tarehe zote za kuzaliwa katika kipindi cha miaka 60 hazifiki 22,000; zitakwisha katika sekunde mbili na ushei. Lakini mtu akichukua maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kubahatisha katika orodha ya maneno 5,000, mathalani akafumba macho na kufungua kamusi mara nne, njia zinakuwa trilioni 625, na kompyuta ile ile itahitaji karibu miaka 2,000 kuzimaliza zote. Akiongeza neno la tano, kazi hiyo inazidi mara 5,000. Wala maneno hayo si magumu kukumbuka kama ilivyo kwa mchafuko wa herufi na alama. Sharti ni moja: yasiwe methali, wala msemo, wala ubeti ujulikanao, kwa kuwa ajuaye Kiswahili atauanza huko huko.

Ushauri huu unatofautiana na ule uliozoeleka. Kwa miaka mingi watumishi duniani kote waliamriwa kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama, na kubadili nywila kila baada ya miezi michache. Amri hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na mwongozo uliotolewa 2004 na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 taasisi hiyo hiyo iliutengua. Ikasema kwamba urefu ni bora kuliko mchafuko, kwamba watu wasilazimishwe kubadili nywila ovyo bali pale panapokuwa na dalili ya kuvuja, na kwamba nywila zinazojulikana kuwa zimekwisha kuvuja zikataliwe. Burr mwenyewe alikiri mwaka huo kwamba alijutia mengi aliyoyaandika. Sababu ni rahisi. Mtu anayelazimishwa kubadili kila mara huongeza namba moja mwishoni, kisha huandika yote kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kibodi.

Na ufunguo usifungwe pamoja na kasha. Ni jambo la kila siku kuona barua pepe yenye hati iliyofungwa, na mstari chini yake ukisema nywila ni hii. Anayeiiba barua hiyo amepewa vyote viwili. Hati ipite njia moja na nywila ipite nyingine: hati kwa barua pepe, nywila kwa mdomo, kwa simu, baada ya kuisikia sauti ya mpokeaji na kuitambua.

UFUNGUO NI WA OFISI

Hapa ndipo linapoingia sharti la pili, ambalo husahauliwa hata na wale walio hodari katika la kwanza. Hati iliyosimbwa vizuri haifunguki kwa kusihi. Kampuni iliyotengeneza programu haiwezi kuirudisha nywila iliyosahauliwa. Fundi wa mjini naye hawezi. Kufuli linalomzuia mwizi humzuia vile vile mwenye nyumba aliyepoteza ufunguo. Basi siku afisa anapohamishwa ghafla, anapougua, anapostaafu au anapofariki dunia, na nywila ikawa kichwani mwake peke yake, kumbukumbu za miaka mingi huwa zimezikwa. Mstaafu atazungushwa kwa kukosekana kwa hati ambayo ipo, inaonekana kwa jina, lakini haifunguki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tena wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, ili wasiweze kuguswa. Mwezi Julai 2008 mji wa San Francisco, Marekani, ulijikuta katika mashaka ya namna hiyo. Fundi wake Terry Childs, aliyekuwa akisimamia mtandao wa kompyuta wa ofisi za mji, alikataa kuwapa wakubwa wake nywila za mitambo, kwa hoja kwamba hawakuwa na uwezo wa kuitunza. Alikamatwa na kutiwa rumande. Kwa siku kadhaa mji mkubwa haukuwa na udhibiti wa mtandao wake wenyewe, mpaka alipozitoa nywila kwa Meya Gavin Newsom aliyemfuata mahabusi. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Yawezekana Childs aliipenda kazi yake kuliko waliomzunguka. Lakini alisahau kwamba kitu alichokilinda hakikuwa chake. Mlinzi anayemzuia mwenye mali amekwisha kugeuka mnyang'anyi, hata kama nia yake ni njema.

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha za kigeni wala semina ya wiki mbili hotelini. Inaijua masjala. Nywila ya hati za ofisi iandikwe kwa mkono katika karatasi, itiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi mahali pa gundi, iwekwe katika sefu ya mkuu wa ofisi au ya mwalimu mkuu, na iandikwe daftarini. Ikifunguliwa, iandikwe nani ameifungua, lini na kwa nini. Kisha nywila ibadilishwe na bahasha mpya ifungwe. Katika makabidhiano ya ofisi, pamoja na funguo za gari na za stoo, zitajwe na nywila, na mpokeaji azijaribu moja moja mbele ya mkabidhi kabla ya kutia sahihi. Ieleweke pia kwamba kubadili nywila ya hati hakuzigusi nakala za zamani; hizo hubaki na nywila ya zamani popote zilipo, kwa hiyo zisizohitajika zifutwe.

ISIWE PAZIA LA MAOVU

Yupo atakayesema kwamba kuwahimiza watumishi wafunge hati ni kuwapa wabadhirifu mahali pa kujificha. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Nchi haikosi maafisa ambao, wasikiapo neno siri, macho huwang'aa. Ambao wangependa bajeti ya kijiji, orodha ya wazabuni na kumbukumbu za mikutano zote ziwe na kufuli. Jibu ni kwamba nywila inamlinda mwananchi, haimlindi afisa dhidi ya mwananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imeweka haki ya wananchi kupewa taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma, isipokuwa zile zilizozuiwa na sheria. Katiba, katika Ibara ya 143, inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali haki ya kuvifikia vitabu na kumbukumbu za hesabu. Mkaguzi anapofika na kuambiwa nywila imesahauliwa, hapo si kompyuta iliyosahau.

Ndiyo maana bahasha ya sefuni ina kazi mbili: inaokoa kumbukumbu, na inamnyima mbadhirifu kisingizio. Na ndiyo maana kila ofisi inapaswa kwanza kuketi na kupambanua. Yapo ya kubandikwa ukutani ili kila mtu asome. Yapo ya kufungwa kwa sababu ni ya mtu binafsi au ni mtihani ambao siku yake haijafika. Ofisi inayofunga yote ni mvivu wa kufikiri sawasawa na ile inayoacha yote wazi.

Yupo pia atakayelalamika kwamba shule ina kompyuta moja inayotumiwa na walimu wanane, na umeme wa kukatika. Hayo ni kweli. Lakini hali hiyo ndiyo inayozidisha haja ya kufunga kila hati peke yake, kwa kuwa mlango wa chumba ni wa wote. Shule yenye walimu wanane na kabati moja haikusema kamwe kwamba, kwa kuwa kabati ni moja, mitihani iachwe uwanjani.

WAJIBU

Basi kazi hii isisukumiwe kwa afisa wa kompyuta peke yake, kama kwamba wengine ni abiria. Mkuu wa ofisi ndiye mwenye dhamana mbele ya sheria na mbele ya wananchi. Mwalimu mkuu anayeuliza kila Ijumaa kama stoo imefungwa aulize pia kama hati za mitihani zimefungwa, na bahasha iko wapi. Vyuo vinavyofundisha walimu na watumishi wa umma visiishie katika kufundisha namna ya kuandika kwa kompyuta. Vifundishe na namna ya kutunza kilichoandikwa. Na kila mtumishi, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, ajiulize maswali manne: Je, mpokeaji anahitaji yote haya? Imefungwa kwa kufuli la kweli? Ufunguo umepita njia nyingine? Na mimi nisipokuwapo kesho, nani ataifungua?

Maswali hayo yanachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Asiyekuwa na muda wa kujiuliza atakuja kuwa na muda mrefu wa kujieleza, na aliyemkosea huenda asiwe mkubwa wake, bali ni mstaafu asiye na sauti, au mgonjwa ambaye jina lake limezagaa sokoni.

Karani wa masjala hakuwa na shahada, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Hata hivyo alijua jambo moja ambalo wasomi wenye kompyuta za kisasa hawana budi kujifunza kwake: kwamba ufunguo uliomo mfukoni mwake si wake. Nao, kama cheo, ni dhamana.